Kuweka msimbo wako GitHub siyo kuuachia huria: leseni zinafanyaje kazi

Kuna kitu naona kinawachanganya sana watu wanaoandika programu. Mtu kakaa miezi anatengeneza kitu chake, tuseme programu ya kutunza mahesabu ya kikoba, nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani marejesho yamemshinda, afu siku akiona imekaa vizuri anaipandisha GitHub, ile tovuti ya kuhifadhia msimbo, anaifungua kila mtu aione, anatupia linki kwenye magrupu ya WhatsApp na kuandika "programu huria hii wakuu, chukueni mtumie". Safi kabisa. Ila kisheria hapo hajatoa karibu chochote.

Kuonyesha siyo kuruhusu. Ukishaandika msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, hapohapo hakimiliki inakuwa ya kwako, huendi kujiandikisha popote, hupigi muhuri, hata ile alama ya c ndani ya duara siyo lazima. Huo ni utaratibu wa Mkataba wa Berne wa 1886 ambao Tanzania na Kenya zote zimo, na sheria zetu wenyewe, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kwa Tanzania Bara na ile ya Hakimiliki ya 2001 kwa Kenya, zinaiweka programu ya kompyuta kundi moja na vitabu na maandishi mengine. COSOTA na KECOBO, ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, watakusajilia ukitaka, na inasaidia siku ukitakiwa kuleta ushahidi, lakini haki unayo tayari hata usiposajili.

Na haki hiyo maana yake ni kwamba bila ruhusa yako mtu haruhusiwi kunakili, kubadilisha wala kusambaza. Masharti ya GitHub yanawaruhusu watumiaji wengine kuuangalia msimbo uliouweka wazi na kuufoki, yaani kujitengenezea nakala yake, humohumo ndani ya GitHub, basi, yanaishia hapo. Ile "chukueni mtumie" yako ya WhatsApp haisemi kama katibu wa kikoba kule Mbeya anaruhusiwa kumlipa kijana amuongezee sehemu ya faini, au kuwauzia vikoba vya jirani, na siku mkigombana kila mtu ataitafsiri anavyotaka yeye. Kampuni yenye mwanasheria anayejielewa ndo kabisa, wakikuta msimbo hauna leseni hawaugusi.

Leseni inaziba hilo pengo. Ni ruhusa ya maandishi kutoka kwako mwenye mali kwenda kwa yeyote atakayeipata programu, kwamba fanya hiki na hiki, kwa sharti hili na hili. Hapa ndo pa kushika kabla ya kwenda mbele kwa sababu nusu ya mkanganyiko wote unatokea hapa: ukitoa leseni huria hujaacha umiliki. Programu bado ni yako, jina lako linabaki, na hayo masharti yana nguvu kwa sababu hakimiliki ni yako, ungeiacha kabisa usingekuwa na cha kumwekea mtu sharti.

Sasa "huria" inapimwaje. Kipimo kinachotumika zaidi kilitoka kwa Richard Stallman, aliyekuwa anafanya kazi maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT kule Marekani, akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo endeshi ulio huria, mwaka 1983 na mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation. Wao wanahesabu uhuru wa aina nne na wanaanzia sifuri kama watu wa kompyuta walivyo: kuiendesha programu kwa shughuli yoyote, kuisoma ndani na kuibadilisha ikufae, kugawa nakala, na kugawa nakala ambazo umeshazibadilisha. Kimoja kikikosekana siyo programu huria. Mwaka 1998 kikaja kikundi kingine, Open Source Initiative, na orodha yake ya vigezo kumi, falsafa zao zinapishana na watu wamegombana humo miaka na miaka, lakini leseni zinazopita kwa hawa karibu zote zinapita na kwa wale, kwa hiyo wewe unayetaka kuachia programu ya kikoba hayo magomvi waachie wenyewe.

Kwenye orodha hiyo hamna neno bei. Stallman mwenyewe hapo mwanzoni alikuwa anauza Emacs, kihariri chake cha maandishi, kwenye mikanda kwa dola 150 mkanda mmoja, na msimbo ulikuwa huria kabisa. Wengi wetu tukifikiria kuachia programu kitu cha kwanza kinachotujia ni "tumieni bure ila msiuze", na naelewa inatoka wapi, hakuna anayetaka jamaa mmoja achukue jasho lake akapige hela. Ila ukiweka sharti hilo programu siyo huria tena, na ubaya wenyewe siyo wa kifalsafa tu. Fundi wa kompyuta pale Kariakoo anayeiweka kwenye mashine ya mteja na kuchukua elfu kumi yake ya usumbufu, ameuza au hajauza? Mwalimu anayefundisha matumizi ya hiyo programu kwa ada je? Linus Torvalds, aliyeanzisha mfumo endeshi wa Linux, alipitia hukohuko, leseni ya kwanza ya Linux mwaka 1991 ilikataza kuchukua hela, watu waliokuwa wananakili diski na kuzigawa kwenye vikundi vyao wakabanwa maana hata gharama ya diski wasingeweza kurudisha, na mwaka 1992 akahamia GPL, leseni tutakayoifikia huko mbele. Kahojiwa mara nyingi baadaye na huwa anausifu uamuzi huo.

Kwa hiyo swali la "wasiuze" liweke pembeni. Swali linaloamua uchukue leseni gani ni lingine: mtu akichukua msimbo wako, akauboresha, afu akafunga hayo maboresho wengine wasiyaone, utaumia au utaona sawa tu?

Ukisema sawa tu

Basi unaangukia kwenye leseni zisizo na masharti mengi: MIT, BSD, Apache. Ya MIT ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa, na inachodai ni kwamba nakala zibebe ile notisi yako ya hakimiliki na maneno ya leseni yenyewe. Basi. Mtu anaweza kuifungia ndani ya bidhaa yake ya kuuza na asikurudishie hata mstari mmoja, na hajakosea. BSD ni ndugu yake, ile ya vifungu vitatu inaongeza kwamba mtu asitumie jina lako kupigia debe bidhaa yake bila ruhusa. Misingi ya macOS ya Apple ina kiasi kikubwa kilichotoka ukoo wa BSD, na ukifungua mipangilio ya simu yako ya Android, sehemu ya taarifa za kisheria, utakuta orodha ndefu ya leseni ambayo hakuna anayeisoma, ile ipo kwa sababu ya hilo sharti la kubeba notisi.

DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda, uko chini ya BSD ya vifungu vitatu. Na kwa kitu cha namna ile inaleta maana, kila nchi inajenga ya kwake juu yake, na kinachotakiwa ni watu wengi wautumie bila kuulizana ulizana.

Apache 2.0, ya Januari 2004, ni ndefu zaidi kwa sababu inagusa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Anayechangia msimbo anakupa na ruhusa ya hataza zake zinazohusika na mchango wake, na ukimshtaki mtu kwamba programu hiyo inavunja hataza yako, ruhusa ya hataza uliyopewa wewe inakufa hapohapo. Kwa programu ya kikoba huenda hataza hazitakuhusu maisha yako yote. Kama unaandika kitu ambacho makampuni makubwa ya nje yanaweza kukitumia, Apache inawatuliza wanasheria wao.

Ukisema utaumia

Hapo sasa unaingia kwenye kopilefti, na jina kubwa ni GPL. Toleo la kwanza lilitoka 1989, la pili 1991, la tatu Juni 2007. Ujanja wake ni huu: inakupa uhuru wote nne, hata kuuza uuze, lakini ukisambaza programu hiyo kwa mtu, iwe ilivyo au umeibadilisha, lazima umpe msimbo chanzo, yaani ule ulioandikwa na watu wenyewe, na umpe kwa leseni hiyohiyo. Hakimiliki kwa kawaida inatumika kuzuia watu, hapa imegeuzwa inatumika kuzuia watu wasizuie wenzao.

Kuna uzushi mwingi sana kuhusu GPL mitandaoni kwa hiyo twende polepole. Kwanza, sharti linaamka ukisambaza. Kama kampuni imechukua programu yako, ikaibadilisha na kuitumia ofisini kwao tu, hawadaiwi kitu na mtu yeyote. Pili, msimbo anadai aliyepewa programu, siyo dunia nzima, ukimuuzia mteja mmoja unamhusu huyo mteja, ila yeye akishaupata anaweza kuugawa kwa yeyote na huwezi kumzuia. Tatu, vitu mtu anavyotengeneza KWA KUTUMIA programu ya GPL havigeuki kuwa GPL, mahesabu ya kikoba ni ya kikoba, kama ambavyo barua uliyoandika kwenye kihariri cha GPL ni ya kwako.

Na inafanya kazi kweli. Mwaka 2003 watu walifungua ruta ya Linksys iitwayo WRT54G, iliyokuwa inauzwa sana, wakakuta ndani ni Linux, yaani GPL, na msimbo haujatolewa. Cisco ndo walikuwa wamekwisha inunua Linksys mwaka huohuo. Zikapigwa kelele, msimbo ukatolewa, na kutokana na msimbo ule ukazaliwa mradi wa OpenWrt ambao mpaka leo mafundi wanaupachika kwenye ruta za kila aina. Ingekuwa Linux iko chini ya MIT hapo pangekuwa kimya.

Ila GPL ina tundu moja, na kwa programu yetu ya kikoba tundu hilo ndo mlango wenyewe. Siku hizi programu nyingi hazisambazwi, zinakaa kwenye seva na watu wanazifikia kwa kivinjari. Jamaa akichukua programu yako, akaiboresha, akaiweka kwenye seva yake na kuvitoza vikoba mia tatu ada ya kila mwezi, hajamsambazia mtu nakala yoyote, kwa hiyo GPL ya kawaida haimgusi. Ndo maana ikatungwa AGPL, toleo lake la 3 lilitoka Novemba 2007, inayosema ukiibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, uwape hao watumiaji nafasi ya kupata msimbo chanzo wa programu hiyo uliyoibadilisha. Ushahidi, ile programu iliyozaliwa Kenya Januari 2008 kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi, watu wakituma taarifa za vurugu zikaonyeshwa kwenye ramani, jukwaa lake la sasa liko chini ya AGPL.

Katikati ya hizi pande mbili kuna LGPL na MPL. LGPL ni ya maktaba za msimbo zaidi, yaani vipande vya kutumiwa ndani ya programu nyingine, mtu anaweza kuitumia maktaba yako ndani ya programu iliyofungwa mradi maktaba yenyewe na mabadiliko yake vibaki wazi. MPL 2.0 inafanya kopilefti faili kwa faili, mafaili yako yakibadilishwa yabaki wazi, mafaili mapya ya mtu ni yake. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika Eldoret na Rwanda na kwingine kwingi, uko hapo kwenye MPL 2.0 na nyongeza ya kanusho la mambo ya afya.

Mi maoni yangu, na unaweza kukataa: programu nzima inayotumiwa na watu wa kawaida kupitia mtandao, weka AGPL, ukiiweka MIT jiandae kuiona ikirudi kwako na ada ya mwezi. Programu ya kuinstoli kwenye kompyuta, GPL 3. Kimaktaba kidogo cha mistari mia nne cha kupanga namba za simu za Tanzania vizuri, MIT inatosha, hakuna atakayesumbuka na kitu kizito kwa jambo dogo hivyo.

Usitunge leseni yako mwenyewe tafadhali. Douglas Crockford, aliyeitangaza JSON, mtindo wa kupangia data, kwa dunia, alichukua leseni ya MIT akaongeza sentensi moja kwamba programu itumike kwa wema na siyo kwa uovu. Inachekesha, na nia nzuri, ila nani anaamua uovu ni nini? Free Software Foundation wakaihesabu siyo huria, na mwaka 2016 Apache Software Foundation wakaipiga marufuku kwenye miradi yao yote, watu wakaanza kubadilisha maktaba za msimbo zilizokuwa zinafanya kazi vizuri tu kwa ajili ya sentensi moja. Leseni za Creative Commons nazo ziache kwa ajili ya maandishi na picha, wenyewe Creative Commons wanashauri zisitumike kwa programu.

Lakini je, ni mali yako?

Hapa ndo watu wanajikwaa kuliko kwenye kuchagua leseni. Huwezi kutoa ruhusa ya kitu kisicho chako. Kama umeajiriwa na umeandika programu kama sehemu ya kazi yako, sheria za nchi nyingi na za kwetu pia zinaanza na dhana kwamba haki za kiuchumi ni za mwajiri, labda mkataba useme vingine. Hata kama uliandika usiku nyumbani kwa laptop yako, uangalie mkataba unasemaje, wengine huwa wamesaini kwamba kila watakachobuni wakiwa waajiriwa ni cha kampuni na hawakusoma. Omba ruhusa kwa maandishi, barua pepe ya mistari mitatu iliyojibiwa na bosi mwenye mamlaka inatosha kukuokoa baadaye.

Kwa wanaopiga kazi za kujitegemea Kenya, kuna jambo wengi hawalijui. Kifungu cha 31 cha sheria ya 2001 kinasema kazi uliyoagizwa na mteja ambaye hata siyo mwajiri wako, hakimiliki yake inahesabika imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana tofauti. Yaani ile tovuti uliyomtengenezea mtu wa hoteli kwa malipo, ukanyofoa kipande cha msimbo wake na kukiachia GPL, unaweza kuwa umeachia mali ya mwenye hoteli. Dawa yake ni kuweka kwenye mkataba kabla hujaanza kwamba vipande vya jumla vinabaki vyako.

Halafu kuna vya kuazima. Kama programu yako imeunganishwa na maktaba ya GPL, ukiisambaza lazima nzima iwe chini ya GPL, huwezi kuibandika MIT juu na kusahau. MIT na BSD zinaingia ndani ya GPL bila shida. Apache 2.0 inaingia GPL 3 lakini haiingii kwenye ile iliyoandikwa GPL 2 peke yake, ni kwa sababu ya vile vifungu vya hataza. Na vile vipande tunavyonakili Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, ndiyo wewe pia, viko chini ya Creative Commons ile ya kutaja mwandishi na kushirikisha kwa masharti yaleyale. Kipande cha mistari miwili ambacho mtu yeyote angekiandika vilevile hakitakupeleka mahakamani, lakini kama umebeba fankisheni ndefu nzima, iandike upya kwa mkono wako au taja ulikoitoa na hakikisha leseni zinaelewana. Aikoni na fonti pia zina leseni zake, watu huwa wanazisahau.

Upande wa vitendo kazi ni ndogo. Tengeneza faili liitwalo LICENSE kwenye folda ya juu kabisa, bandika leseni nzima ilivyo, usiguse hata nukta. Kwenye MIT unajaza mwaka na jina tu pale juu. Kwenye GPL jina lako haliingii ndani ya leseni, linakaa kwenye notisi fupi juu ya kila faili la msimbo, na siku hizi wengi wanaweka mstari mmoja wa SPDX, orodha ya vifupi vya majina ya leseni, kwa mfano SPDX-License-Identifier: AGPL-3.0-or-later, ili hata mashine ijue. Hayo maneno ya mwisho, or-later, yana uzito: unaruhusu mtu atumie toleo hilo au lolote litakalokuja kutolewa na Free Software Foundation. Linux haina hayo maneno, imebaki na GPL 2 peke yake, na ndiyo sababu toleo la tatu lilipotoka haikuhama. Mi naweka or-later. Asiyewaamini wale jamaa wa Free Software Foundation kwa matoleo yajayo asiweke, ni haki yake.

Na usifute zile herufi kubwa za kutisha kuhusu kutokuwa na dhamana. Zile ziko pale kwa ajili yako wewe. Programu ikikosea riba na kikoba kikagawana hela vibaya, zile ndo zinasema ulitoa kilivyo, bila kuahidi kitu.

Kabla hujafungua, pitia historia ya git, yaani kumbukumbu ya kila badiliko ulilowahi kuhifadhi. Siyo mafaili ya leo tu, historia yote, kwa sababu neno la siri ulilolifuta mwezi wa tatu bado limo mule ndani. Funguo za malipo ya simu, anwani za seva, na lile faili la majaribio lenye majina na namba za simu za wanachama wa kikoba cha shangazi, hayo ni taarifa binafsi za watu na Kenya ina sheria yake ya 2019, Tanzania ya 2022. Ukikuta historia imechafuka sana, bora uanze hifadhi mpya yenye msimbo safi, na funguo zote zilizowahi kuonekana zibadilishe.

Watu wakianza kuleta michango

Wakati uko peke yako una nguvu ambayo hutakuwa nayo tena. Mwenye hakimiliki hafungwi na leseni yake mwenyewe, leo unaweza kutoa kwa AGPL na hapohapo ukamuuzia benki leseni nyingine isiyo na kopilefti. MySQL, watengenezaji wa programu ya hifadhidata, waliishi kwa biashara hiyo miaka mingi, GPL kwa kila mtu, na asiyetaka masharti ya GPL alipe, mpaka kampuni ya Sun wakawanunua mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni moja.

Akija mtu wa kwanza kukuletea marekebisho ya maana, kipande chake ni chake. Kwa kawaida kinaingia chini ya leseni ya mradi, lakini ukitaka kubadilisha leseni baadaye lazima umuombe, na hapo ndo shughuli. VLC walipotaka kuhamisha kiini cha kicheza video chao kutoka GPL kwenda LGPL mnamo 2011 na 2012, walilazimika kuwasaka waliowahi kuchangia mmoja mmoja, wengine walishaacha mambo ya programu zamani. OpenSSL, watu wa programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, walitangaza 2017 kwamba wanahamia Apache 2.0 na toleo lenye leseni mpya likaja kutoka 2021. Ndo maana miradi mingine inawasainisha wachangiaji mkataba kwanza, na mingine kama Linux wanatosheka na mstari wa Signed-off-by, ambapo mchangiaji anathibitisha ana haki ya kutoa alichokitoa. Kwa mradi mdogo huo mstari unatosha, mkataba unawakimbiza watu, ila kama unafikiria biashara ya leseni mbili hutaukwepa.

Kubadilisha kwenyewe hakurudi nyuma. Waliopata nakala kwa leseni ya zamani wanabaki nayo na wanaweza kuendelea nayo bila wewe. Redis, watengenezaji wa programu ya kuhifadhi data, walipoiacha BSD Machi 2024 na kuchukua leseni za kubana zaidi, ndani ya mwezi huohuo waliokuwa wakichangia wakachukua nakala ya mwisho ya BSD na kuanzisha Valkey, chini ya Linux Foundation na nguvu za makampuni makubwa nyuma yake. Mwaka 2025 Redis wakarudisha leseni huria, safari hii AGPL, ila Valkey ikawa imeshasimama.

Jina ni kitu kingine kabisa. Leseni hizi zinatoa msimbo, hazitoi alama ya biashara. Kama jina la programu lina thamani kwako lisajili BRELA kwa Tanzania au KIPI kwa Kenya, ili anayechukua msimbo na kuuharibu aite cha kwake jina lake. Debian, mfumo uliojengwa juu ya Linux, waliwahi kulazimika kuiita Firefox yao Iceweasel kwa miaka kama kumi, msimbo uleule huria, jina tu.

Akivunja je?

Mahakama zimeshaliona hili. Robert Jacobsen, mwalimu wa fizikia California, alikuwa na programu huria ya kuendesha treni za kuchezea, kampuni moja ikachukua mafaili yake bila kufuata masharti ya leseni, akaenda mahakamani, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani ikasema masharti hayo ni masharti kweli, ukiyavunja umevunja hakimiliki, hata kama programu ilitolewa bila malipo. Ujerumani mahakama ya Munich ilikuwa imeshaitambua GPL mwaka 2004.

Ila mara nyingi hufiki huko. Anayevunja wengi wao hawajui, unawaandikia kwa upole, unawaonyesha kifungu, wanarekebisha. GPL 3 na AGPL 3 zimeliweka hili kabisa ndani: mtu akikosea mara ya kwanza, ukamjulisha, na akarekebisha ndani ya siku 30 tangu apate taarifa, haki zake zinarudi kamili. Oktoba 2021 mtandao wa Truth Social wa Donald Trump ulionekana kwenye majaribio ukiwa umejengwa juu ya msimbo wa Mastodon, programu huria ya mtandao wa kijamii, ambao ni AGPL, bila kuonyesha msimbo chanzo. Mastodon hawakukimbilia kesi, walituma barua kwa afisa mkuu wa sheria wa kampuni wakiomba msimbo utolewe, saa ya siku 30 ikaanza kuhesabu, na mwezi uliofuata kwenye tovuti ya Truth Social kukawa na ukurasa wenye faili la zip la kupakua.